Kidole Nje ya Dirisha

Gari lilikuwa kubwa kuliko akili ya mwenye nalo. Tuseme hivyo mapema, asije mtu akamwonea Duane Stambaugh huruma kabla ya wakati wake. Alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto huko kusini mwa Ohio, mtu wa watu, asiyeweza kupita penye gari lililoharibika bila kusimama na kuuliza. Lakini mwaka aliouza nusu ya biashara kwa shemeji yake alijinunulia Dodge Challenger jeusi lenye nguvu za farasi zaidi ya mia saba, na tangu siku hiyo akawa watu wawili ndani ya shati moja. Injini ya gari lile ina supachaja, yaani pampu inayoishindilia hewa kwa nguvu, na dereva akikanyaga mafuta pampu hiyo hutoa mlio mwembamba, mkali, unaopanda juu ya ngurumo yote kama msumeno unaokata bati. Akiachia mafuta, mlio unakatika papo hapo. Hakuna gari jingine pale kiwanjani lililolia namna hiyo, na Duane alipenda watu walijue hilo.

Barabarani gari kama hilo ni la kujipeleka jela. Kwa hiyo, theluji ikishayeyuka, alikuwa akilipeleka Carver Ridge, kiwanja kilichozungukwa na mashamba ya mahindi, ambako watu huja Jumamosi na magari yao wenyewe, wakayakimbiza kadiri roho zinavyowatuma, kisha wakarudi nayo nyumbani. Si mashindano. Hakuna kombe, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, ingawa ukiwasikiliza wale wanaume wakila chakula cha mchana utadhani wote walikuwa wa kwanza.

Kwa kuwa si mashindano, mambo yana adabu yake. Humpiti mtu mpaka akuruhusu. Akikuona kwenye kioo, anatoa mkono dirishani na kunyoosha kidole upande anaotaka upitie. Na kidole peke yake hakitoshi. Mwenye gari la nguvu akishanyoosha kidole lazima aachie mafuta, maana kwenye kona lile gari zito huenda kama ng'ombe mwenye mimba na kadogo kanalifikia, lakini njia ikinyooka zito linaruka na kadogo kanabaki kanatazama moshi. Asipoachia, yule aliyeitwa apite anajikuta ubavuni, nje ya njia yake, hawezi kutangulia wala kurudi nyuma, na kona inakuja. Duane aliyajua haya kama anavyoijua njia ya kwenda kwake, kwa sababu aliyemfundisha ni Roz Pruitt.

Roz alikuwa mjane, mpiga chapa wa mahakama aliyestaafu, mfupi, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mvulana na ulimi usiohitaji kunolewa. Alikuwa na Mazda nyekundu, ndogo, kuukuu, isiyofikia hata robo ya nguvu za Challenger, na kwa miaka ishirini alikuwa mmoja wa walimu wa pale. Mwaka wa kwanza wa Duane alikaa naye kiti cha kulia, cha abiria, siku nzima, akimwambia kwa sauti ya kumbembeleza farasi, "Breki. Tulia. Sasa geuza. Usiogope, geuza." Alikuwa na jicho la ajabu. Angeweza kukwambia gari lililo nyuma litakufikia wapi, na likakufikia pale pale.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho wa Septemba, baridi ya asubuhi imeshaondoka na mahindi yamekauka yakingoja kuvunwa. Wakati wa chakula cha mchana watu walikuwa wamekaa juu ya matairi na viti vya kukunja, wakila sandwichi za nyama ya kusaga, na Roz, ambaye Challenger aliliita kitanda kwa upana wake, akapita na kikombe chake cha kahawa.

"Duane, kitanda chako leo umekitandika vizuri?"

"Kitanda hicho kina farasi mia saba, Mwalimu."

"Nimewaona. Farasi mia saba, na aliyewapanda ni punda."

Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga soda. Duane naye akacheka. Ulikuwa utani wa kila siku, na siku nyingine angejibu kwa utani mkubwa zaidi. Lakini asubuhi hiyo Roz alikuwa amempita mara tatu, mbele ya vijana wawili waliokuja kulipiga picha gari lake, na mmoja wao aliuliza kwa sauti yule bibi ni nani. Lile neno la punda likaingia mahali ambapo halikupaswa kuingia, likakaa.

Mchana wakaingia tena. Katika kila kona Mazda ilikuwa kwenye kioo chake, nyekundu, ndogo, haina haraka. Mzunguko wa kwanza Duane akajifanya hakuiona. Mzunguko wa pili mshika bendera akampepea ya bluu, maana yake mruhusu aliye nyuma, acha upuuzi. Wakatoka kona ya mwisho, njia ikanyooka mbele yao, na Duane akatoa mkono dirishani, akanyoosha kidole upande wa kushoto. Akaachia mafuta. Mlio wa pampu ukakatika, pua ya gari ikainama kidogo, na Roz akatoka nyuma yake kama alivyofundisha watu wote kutoka, bila kusitasita, kwa sababu kidole kilikuwa kimenyooshwa na mguu ulikuwa umeachia.

Alipofika ubavuni, Duane akaiona helmeti yake nyeupe dirishani. Akakanyaga tena.

Si kwamba mguu uliteleza. Baadaye alijaribu sana kukumbuka kuwa uliteleza, akashindwa. Alikanyaga kwa sababu ile njia iliyonyooka ndiyo sehemu pekee ya dunia ambako yeye alikuwa hodari kuliko Roz, na alitaka aionje sekunde moja tu zaidi kabla ya kumpa. Pampu ikalia. Roz akageuza kichwa mara moja, akamtazama. Nyuma ya Challenger gari la njano lilikuwa limeshasogea likaziba nafasi, hivyo kurudi hakuweza, na kupita hakuweza, na kona ya kulia ilikuwa imefika. Duane akakamata breki akageuza. Mazda ikaenda moja kwa moja kwenye nyasi, ikazunguka, ikajibamiza ubavu kwenye ukuta wa matairi.

Alitoka mwenyewe, ameshika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Kifundo kilikuwa kimevunjika. Mazda ilikuwa imekunjika upande mzima.

Garrett Loomis, mkuu wa walimu wa pale, mtu mpole mwenye tumbo na redio mbili kiunoni, aliwaita kwenye kibanda baada ya mhudumu wa gari la wagonjwa kumfunga Roz mkono. Ni kawaida. Kila gari likigonga, wahusika wanaitwa, wanaulizwa, na shauri linaisha kwa neno lao.

"Duane, ulimpa kidole?"

"Nilimpa."

"Ukaachia?"

"Niliachia." Na hilo lilikuwa kweli, kwa kiasi chake.

Roz alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, uso mweupe. "Nilimwona akiachia," akasema. "Lakini nilipofika pembeni nilisikia ile pampu ikilia tena. Niliisikia kabisa, Garrett."

Garrett akamgeukia Duane. Hakumkazia macho, maana hakuwa na sababu ya kumshuku. "Ulikanyaga tena?"

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Duane aliuona. Aliwaona pia wale vijana wawili nje, na kadi yake ya uanachama, na majina yote ambayo angeitwa kuanzia siku hiyo.

"Hapana," akasema. "Niliachia moja kwa moja. Labda ni helmeti, Mwalimu. Upepo."

Mtu mwingine angebisha, na kama angebisha pengine Duane angeanguka pale pale. Lakini Roz alimwamini. Huyu alikuwa mwanafunzi wake, mtu aliyemtengenezea bomba lilipopasuka siku ya Krismasi.

"Basi nimesikia kisichokuwepo," akasema polepole. "Anayepita ndiye mwenye jukumu, siku zote nawaambia. Nisamehe, Duane. Ningeweza kukuua."

Alimwomba yeye msamaha. Duane akasema si kitu, akatoka nje, akaanza kufunga vitu vyake.

Alipofika nyumbani, kabla ya kushusha chochote, aliitoa kadi ya kumbukumbu kwenye kamera iliyokuwa dashibodini na kuifuta. Hakuitazama. Video ile ilikuwa na sauti, na sauti ndiyo aliyoiogopa.

Ndipo ukaanza wema. Jumatatu alikwenda na trela kuichukua Mazda, akaipeleka hadi kwenye banda la Roz mwisho wa barabara ya kokoto. Jumanne alirudi kukagua mtambo wa joto ambao haukuwa na ubovu wowote, akabadilisha kichujio na kukataa malipo. Alikata kuni. Alisafisha mifereji ya paa. Alimpelekea bakuli la tambi na jibini alilopika mkewe, Marlys, kisha la kuku na wali, kisha la maharage, mpaka Roz akamwambia friji yake sasa haifungiki.

"Ungekuwa unanihudumia mimi hivyo," Marlys akamwambia, "tungekuwa na watoto tisa." Lakini alisema kwa mapenzi, na alimsimulia kila mtu kanisani jinsi mumewe anavyomtunza yule mama. Watu wakamshika Duane mkono wa pongezi. Kila mkono ulimchoma. Alilala vibaya, akaamka amechoka, akaenda kukata kuni zaidi.

Wiki ya tatu Roz alimkaribisha ndani kahawa, akamwambia jambo ambalo Duane hakulijua.

"Unajua mama yangu ilimwanzaje?" Alikuwa anatazama dirishani, kwenye mahindi yaliyokatwa. "Gari. Aligonga mtu kwenye njia panda ambayo alikuwa ameipita maisha yake yote. Akasema alisikia honi. Hakukuwa na honi. Baada ya mwaka mmoja akawa ananiita kwa jina la dada yake. Na huyo dada yake naye, hivyo hivyo. Gari kwanza."

"Roz, wewe huna neno. Una akili kuliko sisi sote."

"Mama naye alikuwa nazo." Akanywa kahawa. "Nimempelekea Garrett fulana yangu ya ualimu. Nilimwambia sifundishi tena. Yule mwanafunzi niliyekuwa nimpate wiki iliyofuata ni msichana wa miaka kumi na tisa. Fikiria ningekaa pembeni yake nikamwambia pita, nafasi ipo, na nafasi haipo."

Mtu mwenye moyo mzima angesema pale pale. Duane alisema kahawa ni nzuri. Akaendesha kurudi kwake, na njiani akasimamisha gari la kazi pembeni ya barabara, akajipiga ngumi pajani mpaka mguu ukafa ganzi. Ulikuwa mguu wa kulia. Alijua anafanya utoto.

Halafu mambo yakaanza kujifuata yenyewe. Mtu akishaambiwa masikio yake yanamdanganya huanza kuyasikiliza kwa hofu, na macho pia, na mikono. Roz alilirudisha nyuma gari lake la kwendea dukani, uani kwake, kwa woga mwingi, akiangalia vioo vyote kwa pamoja, akaling'oa sanduku la barua lililosimama pale kwa miaka thelathini. Aliacha jiko likiwaka, jambo ambalo mimi na wewe tunafanya na kusahau siku hiyo hiyo. Yeye hakusahau. Alikuwa anajihesabia.

Habari ya mwisho aliileta Marlys, wakila. "Maskini Roz. Mpwa wake Dale anakuja Jumapili kutoka Indiana kulichukua gari lake. Roz mwenyewe anakwenda kuirudisha leseni kwa hiari yake. Hataki kuendesha tena, hata kwenda dukani."

Duane akaweka uma chini. Pale Roz anapokaa, duka la karibu ni mwendo wa nusu saa kwa gari, na bila gari mtu anabaki na madirisha yake tu. Basi halipiti. Jirani hayupo. Duane alikwisha kuwaona wazee wa namna hiyo: mwaka wa kwanza wanasema wako sawa, wa pili wanauza nyumba.

"Unakwenda wapi?" Marlys akauliza. "Hujamaliza."

"Kwa Roz."

"Leo tena?"

Alimkuta jikoni, anajaribu kumenya matufaha kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa bado ndani ya plasta. Mwanga wa mchana ulikuwa umeingia mpaka mezani. Duane hakukaa.

"Roz, siku ile sikuachia."

"Hukuachia nini?"

"Mafuta. Nilikupa kidole, nikaachia, ulipofika ubavuni nikakanyaga tena. Nilikanyaga kusudi. Uliposikia pampu inalia, ilikuwa inalia kweli. Nilimdanganya Garrett, na nilikudanganya wewe mbele ya macho yako. Masikio yako hayana kitu. Nilikanyaga kwa sababu uliniita punda."

Kisu kikasimama. Na kwa kitambo kidogo sana Duane akauona uso wa Roz ukifunguka, ukiwa mchanga, wenye furaha kubwa ambayo hakuwahi kuiona usoni mwa mtu, na akaelewa ukubwa wa kitu alichokuwa amemnyang'anya. Hakuna tusi ambalo lingemuumiza kama ile furaha.

Kisha uso ukajifunga. Roz akamtazama kwa upole.

"Nani kakwambia kuhusu Dale?"

"Marlys. Lakini siyo..."

"Kaa chini, mwanangu."

"Sitaki kukaa. Nataka uniamini."

"Mambo ya pampu nilikwambia mwenyewe. Mambo ya mama nilikwambia mwenyewe, hapo ulipo. Ukaenda ukafikiri, ukanitungia." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Una kamera kwenye lile gari. Tuitazame."

"Niliifuta."

"Uliifuta."

"Siku ile ile, Roz. Niliogopa."

"Naam." Akatikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza nani kala keki. "Mwezi mzima umekata kuni zangu, umesafisha paa langu, umenilisha. Halafu nikuamini kwamba wewe ndiye mtu wa kunisukuma kwenye ukuta?"

"Ndiyo sababu yenyewe ya kukata kuni."

"Na sanduku la barua? Nalo ulilikanyagia mafuta wewe?"

Duane akafungua mdomo. Alijua jibu. Alijua kwamba sanduku la barua na jiko na yote yaliyobaki yalitoka kwenye neno lile moja alilosema kibandani, na akajaribu kulieleza, ya kwamba mtu akitiwa hofu mikono inatetemeka. Alilieleza vibaya, kwa kurudiarudia, akiwa analia.

Roz akangoja amalize. "Mama naye kila jambo lilikuwa na sababu," akasema. "Jua lilimpiga machoni. Nani kahamisha sufuria. Unajua nani alikuwa anamtungia hizo sababu? Mimi. Nilimtungia miaka miwili, kwa sababu nilimpenda, na siku moja alitoka na gari akaenda kulitia mtoni. Mimi sitaki kutungiwa, Duane. Lakini nashukuru. Hakuna mtu aliyewahi kunipa uongo mzuri kama huo." Akamsukumia bakuli la matufaha. "Nisaidie hapa, una mikono miwili."

Akamenya. Angefanya nini?

Kesho yake alikwenda kwa Garrett na kumwambia yote. Garrett aliamini, maana watu hawajidhulumu namna hiyo bure, na ule upole wake ukaisha mara moja. Alimwita jina ambalo silirudii. Akamfungia Carver Ridge maisha, akampigia simu Roz siku hiyo hiyo kumweleza, na Roz akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe na wewe kakuingiza," akamwambia Garrett. "Mmekaa mkapanga. Mungu awabariki. Lakini mrudishieni uanachama wake, hilo gari ndilo furaha yake."

Jumapili Dale akaja akalichukua gari. Jumatatu Roz akairudisha leseni, na aliyempeleka ni Duane, kwa sababu aliombwa, na kwa sababu hakuweza kukataa. Alikaa kwenye benchi la ofisi ile akimtazama akitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Karani akamuuliza Roz kama huyo ni mwanawe. "Ingekuwa heri," Roz akasema. "Amejitoa mhanga kwa ajili yangu, huyu. Siku moja nitakusimulia."

Challenger likabaki gereji chini ya turubai. Duane aliweka tangazo la kuliuza, mnunuzi akaja, akataka kusikia injini. Duane alipoikanyaga na pampu ikalia akazima, akamwambia yule mtu asubiri nje kidogo, na yule mtu akasubiri, kisha akaondoka zake.

Kuanzia hapo kila Alhamisi humpeleka Roz dukani kwa gari la kazi. Roz hukaa kiti cha kulia, kikapu magotini, na huongea kuhusu Marlys, bei za mayai, wajukuu wa watu. Hajawahi kuonekana mwepesi hivyo. Anasema ni raha kupumzika. Duane hucheka panapotakiwa kuchekwa. Ameshamwambia tena mara kadhaa, kwa maneno mengine, na kila mara Roz humpiga kofi dogo begani na kubadilisha mazungumzo.

Alhamisi moja ya Novemba walifika pale barabara ya kokoto inapoingia barabara kuu ya jimbo. Ni mahali pabaya. Upande wa kushoto kuna kilima kinachoficha magari mpaka yakufikie, na Duane alikuwa amesimama, akili yake iko mbali. Lori la mahindi lilikuwa limeanza kutokeza kileleni, taratibu. Palionekana nafasi tele mbele yake. Akaanza kuondoa mguu kwenye breki.

"Usimtangulie," Roz akasema kwa sauti ile ya zamani, ya kumbembeleza farasi. "Ana mtu nyuma yake, anataka kumpita. Tulia."

Duane hakuona mtu. Akatulia. Gari dogo jeupe likachomoka nyuma ya lori, likalipita kwa kasi kileleni, likakata mbele ya pua yao na kupotea. Lori likafuata.

"Mmoja bado, yuko bondeni. Tulia. Huyo." Pikapu ikapita. "Sasa. Nenda."

Duane akakanyaga mafuta bila kuangalia, kama alivyozoea kumtii mwaka ule wa kwanza, na gari likasogea. Mkono wa Roz, ule uliotolewa plasta, ukamshika mkono wake juu ya usukani.

"Hapana, hapana," akasema, ameingiwa na hofu. "Usinisikilize mimi, mwanangu. Angalia mwenyewe kwanza."

Duane akakamata breki. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto hadi kileleni, taratibu, ili Roz aone kwamba anaangalia. Barabara ilikuwa tupu.